Daktari mama akifariki tunasifia kukosa kwake usingizi, tunasahau alichokijua

Siku hizi daktari mwanamke akifariki, tena akiwa ameacha watoto, haipiti hata saa moja picha yake akiwa na koti jeupe imeshazunguka kwenye magrupu yote, na chini yake maneno ni yaleyale: alijitoa kwa ajili ya wengine, usingizi alikuwa haujui, simu yake haikuwahi kuzimwa, anatoka zamu alfajiri anaenda kuandaa watoto wa shule halafu anarudi wodini, mama wa wote, pumzika dokta. Wengi wanaliona hili kama hatua nzuri, kwamba angalau sasa madaktari wanawake wanathaminiwa hadharani maana zamani walizikwa kimyakimya na jirani hata hajui aliyekufa alikuwa nani. Mimi sina ugomvi na mapenzi yaliyomo kwenye hizo post, ni ya kweli kabisa. Ila nadhani tunajidanganya kuhusu kinachofanyika pale. Ukizisoma vizuri utaona zinasifia gharama aliyolipa yule mama, kazi yenyewe aliyoifanya karibu haipo. Hatuambiwi alikuwa anajua nini, aliamua nini, alikataa nini, nani yupo hai leo kwa sababu ya uamuzi gani. Na tukishaigeuza gharama kuwa sifa yake binafsi, basi hakuna tena mtu wa kuulizwa kwa nini ilikuwa kubwa kiasi kile, hospitali haiulizwi, serikali haiulizwi, hata sisi wenyewe tuliokuwa tunampigia saa nane usiku kwa mafua hatujiulizi.

Mfano ninaourudia kila nikibishana na watu juu ya hili ni wa Dokta Ameyo Stella Adadevoh wa Lagos, maana kila ikifika Agosti 19 anakumbukwa, na kila mwaka naona anakumbukwa kwa namna ileile. Tarehe 20 Julai 2014 abiria mmoja kutoka Liberia, Patrick Sawyer, alitua Lagos akiwa hoi. Wakati ule madaktari wa hospitali za serikali Nigeria walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo akapelekwa hospitali binafsi, First Consultants, na mwanzoni akatibiwa kama mgonjwa wa malaria. Kesho yake Adadevoh akapita raundi akamkuta. Nchi nzima haikuwa imewahi kuwa na mgonjwa wa Ebola, hakuna daktari pale aliyewahi kumwona mmoja kwa macho, na mgonjwa mwenyewe alikana katakata kwamba aliwahi kukaa karibu na mtu yeyote mwenye ugonjwa huo. Adadevoh hakuridhika. Akaangalia dalili, akaangalia mtu ametokea wapi, akaagiza kipimo, akaanza kupiga simu wizarani, akatafuta maelezo mtandaoni akawagawia wafanyakazi wenzake ili wajue wanashughulika na nini. Hospitali haikuwa na wodi ya kutenga wagonjwa, ikabidi mlango uzibwe kwa mbao. Halafu likaja lile jambo gumu zaidi, maofisa wa Liberia wakataka mtu wao aachiwe kwa sababu alikuwa anatakiwa kwenye mkutano wa jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi kule Calabar, na presha ikawa kubwa mpaka madai kwamba wanamshikilia mtu kinyume cha haki zake. Akakataa kusaini ruhusa. Sawyer alifariki Julai 25 palepale hospitalini, na Adadevoh akafariki Agosti 19 akiwa na miaka 57, ameacha mume na mtoto mmoja wa kiume.

Hesabu ya kilichofuata inajulikana. Nigeria nzima walipatikana wagonjwa 20 na wakafa 8, wafuatiliaji wakawasaka karibu watu 900 waliokutana na wagonjwa, na Oktoba 20, 2014 Shirika la Afya Duniani likatangaza nchi haina tena maambukizi. Kwenye Guinea, Liberia na Sierra Leone mlipuko ule ule uliua zaidi ya watu 11,000. Sasa fikiria mtu yule angetoka pale akapanda ndege nyingine ndani ya nchi, akakaa ukumbini na wajumbe wa nchi zaidi ya kumi, kisha kila mjumbe akarudi kwao. Kilichozuia hilo ni mwanamke mmoja aliyesoma dalili sawasawa akakataa kuweka saini. Lakini tafuta post za Agosti 19 uone ni ngapi zinasema hivyo. Nyingi zinasema alijitoa mhanga, alitoa uhai wake, mama aliyekufa ili wengine waishi. Ni maneno mazuri na si ya uongo, ila yanabadilisha alichokiamua. Hakuna mahali alipoamua kufa. Aliamua kwamba mgonjwa haendi popote, na huo ni uamuzi wa kitabibu uliotokana na miaka mingi ya kazi na kichwa kilichotulia wakati wakubwa wanapiga kelele. Kifo chake kilitokana na vitu vingine kabisa: mgonjwa alishahudumiwa kama mtu wa malaria kabla hajashtukiwa, mahali pa kutenga hapakuwepo, na maandalizi kwa ajili ya ugonjwa ambao ulikuwa unaua nchi nyingine za Afrika Magharibi tangu miezi kadhaa nyuma hayakuwa yamefika kwenye hospitali kama ile. Ukiyaunganisha haya mawili ukaita yote sadaka, umemnyima akili yake na umewasamehe waliotakiwa kuandaa nchi, kwa sentensi moja. Na kumbuka hakufa peke yake. Wenzake wa hospitali ileile walikufa pia, akiwemo nesi Justina Ejelonu ambaye alikuwa ndio kwanza ameanza kazi pale na alikuwa mjamzito, yeye hata nafasi ya kuamua chochote hakupewa.

Hili la kumtazama daktari mwanamke kupitia mwili wake na nyumba yake badala ya kichwa chake halikuanza na simu za mkononi. Mwaka 1873 huko Marekani daktari mmoja aliyefundisha Harvard, Edward Clarke, aliandika kwamba msichana akisomeshwa sana kama mvulana nguvu za mwili zinakimbilia kwenye ubongo na kizazi kinaharibika, na watu wazima wenye elimu zao wakamwamini. Aliyemjibu vizuri kuliko wote alikuwa Mary Putnam Jacobi, daktari na mama. Hakujibu kwa kulalamika, alikusanya taarifa za wanawake wenyewe kuhusu hedhi zao, maumivu, kazi na mapumziko, akapima mapigo ya moyo na nguvu za misuli mwezi mzima, akaonyesha kwamba hakuna kitu kwenye hedhi ya kawaida kinachomlazimu mwanamke mzima kulala chini asifanye kazi, na andiko lake likashinda tuzo ya Boylston ya Harvard mwaka 1876, chuo ambacho kilikuwa hakiwapokei wanawake kusomea udaktari. Huyu mama alimpoteza mwanawe Ernst kwa dondakoo mwaka 1883, mtoto wa miaka saba, nyumbani kwa wazazi wawili ambao wote ni madaktari, na baba yake Abraham Jacobi alikuwa miongoni mwa waliolijua dondakoo la watoto kuliko mtu yeyote nchini kwao. Na alipopata uvimbe kwenye kichwa ambao alijua utamuua, alikaa akaandika dalili zake mwenyewe moja baada ya nyingine kwa ajili ya madaktari wenzake, na akaeleza waziwazi kwamba ndio ugonjwa uliomuua mwandishi, yaani yeye mwenyewe. Alifariki 1906. Mimi nikisoma habari zake huwa naona kama vile alijua kabisa kwamba akiwaachia wengine kazi ya kumwandika watamwandika kwa huruma, akaamua aache kitu cha kutumika.

Kuna watakaosema huo ni wa zamani, dunia imebadilika. Basi twende 2013. Marekani alifariki Yvonne Brill, hakuwa daktari, alikuwa mhandisi wa roketi, aliyebuni mfumo wa kusukuma setilaiti zibaki kwenye njia yake, na mwaka 2011 alipewa medali ya taifa ya teknolojia. Gazeti la New York Times, toleo la kwanza la tanzia yake, lilianza kwa kusifia mapishi yake ya nyama, likaendelea kwamba alimfuata mume wake kila alikohamia kikazi, akaacha kazi miaka minane kulea watoto, roketi zikaja baadaye. Watu walichachamaa na gazeti likaibadilisha. Miaka mitano baadaye, Machi 2018, gazeti hilohilo likaanzisha utaratibu wa kuandika tanzia za watu liliowaacha, wengi wao wanawake, na likakiri kwamba tangu 1851 kurasa zake za vifo zilijaa wanaume weupe. Kama gazeti lenye wahariri wa kazi hiyo tu linaweza kuanza na chungu kabla ya roketi, si ajabu sisi tunaoandika kwa simu huku tunalia tukafanya vivyo hivyo.

Linganisha na namna tunavyomkumbuka Dokta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda. Mwaka 2000 alikuwa Kampala anasoma, akaitwa kwa sababu wanafunzi wa unesi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana, akapekua mafaili usiku, akahisi ni homa ya virusi ya kutokwa damu, akawasiliana moja kwa moja na wakubwa wa wizara bila kusubiri ngazi zote, akapanga wodi ya kutenga, na Desemba 5 mwaka huohuo Ebola ikamuua akiwa na miaka 43. Na yeye anaitwa shujaa aliyejitoa, hilo nakubali, sitaki kusema wanaume hawasifiwi hivyo. Lakini stori yake inasimuliwa kama ya kiongozi: aliona nini, aligundua vipi, aliwaambia nini manesi waliokuwa wanataka kukimbia. Alikuwa baba wa watoto watano. Mimi sijawahi kuona makala inayojiuliza aliwezaje kubalansi baba na daktari, au inayomsifu kwamba pamoja na Ebola yote watoto walikuwa wanavaa sare zilizonyooshwa. Kwa mwanamke lile swali la nyumbani linatangulia kila kitu, na jibu lake linageuka kuwa kipimo cha kama alikuwa mtu mwema.

Sasa upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba msiba hauna nafasi ya uchambuzi, mtu amefiwa, mwache aseme alikuwa mama mzuri, alikuwa hachoki, wewe unataka aanze kueleza vipimo? Hii naiheshimu, na sitamsahihisha mtoto anayelia. Ninachosema kinawahusu zaidi wengine: mwajiri anayetoa tamko, chama cha madaktari, viongozi wanaotuma salamu, sisi tunaoandika makala wiki moja baadaye tukiwa tumeshatulia. Hao machozi yao hayawazuii kufikiri. Ya pili ni kwamba udaktari ni wito, na mwenyewe akifufuka atakwambia hajutii hata usiku mmoja. Inawezekana kabisa. Wapo wanaoipenda kazi kiasi hicho na hakuna haja ya kuwafanya waonekane wamedhulumiwa wakati walikuwa na furaha. Lakini wito ni wa kwake, hauwezi kuwa bajeti ya hospitali. Mtu akipenda kuamka usiku kwa ajili ya mgonjwa hilo ni jambo lake la moyoni, hospitali ikipanga ratiba kwa kutegemea kwamba ataamka kila siku kwa sababu anapenda, hilo ni jambo la utawala na lina majina ya watu waliolipanga.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndio inayosikika zaidi, ni kwamba tusipowasifia kwa kutolala vijana hawatapata mfano wa kuiga, tutapata kizazi cha madaktari wanaoangalia saa. Hii inabidi tuibomoe kabisa kwa sababu ni ya hatari kwa wagonjwa. Daktari asiyelala anakosea, na hili halihitaji kubishaniwa, limepimwa. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifia hospitalini New York chini ya uangalizi wa madaktari waliokuwa mafunzoni na waliokuwa na zamu ndefu na wagonjwa wengi, baba yake akapigana kwa miaka, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki na zisizidi 24 mfululizo. Mwaka 2004 watafiti wa Harvard wakatoa matokeo ya majaribio kwenye wodi za wagonjwa mahututi, wakilinganisha madaktari wa mwaka wa kwanza kwenye zamu za kawaida za kukesha zaidi ya saa 24 na wenzao waliopunguziwa, na wale wa zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi. Kwa hiyo ukiandika "alikuwa halali" kama sifa, kwa lugha ya kazi yake umeandika kwamba aliachwa afanye kazi katika hali inayohatarisha wagonjwa wake, na kwamba alifanikiwa licha ya hiyo hali. Anayestahili kuigwa ni yule aliyejua lini kichwa chake kimechoka akaita mwenzake, na hao wapo, ila hatuwaandiki.

Na tukitaka kusifia kitu kipo. Utafiti wa mwaka 2017 Marekani uliowaangalia wazee zaidi ya milioni moja waliolazwa ulionyesha kwamba waliotibiwa na madaktari wanawake walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotibiwa na wanaume, asilimia 11.07 kwa 11.49 ndani ya siku 30. Tofauti ni ndogo ukiitazama kwa mtu mmoja, lakini kwa mamilioni ya wagonjwa ni watu wengi sana. Watafiti hawakusema ni kwa sababu wanawake wana huruma zaidi ya kuzaliwa, walielekeza kwenye namna ya kufanya kazi, kama kufuata miongozo na kuongea na mgonjwa. Yaani ni ufundi. Ufundi unaelezeka, unafundishika, na unaweza kuandikwa kwenye wasifu wa marehemu.

Niliwahi kukaa kwenye msiba wa daktari mmoja wa magonjwa ya akina mama, wasifu ukasomwa, shule alizosoma, mwaka aliofunga ndoa, watoto, jinsi alivyokuwa hachoki, kwaya, basi. Nesi aliyekuwa amekaa jirani yangu akanisogelea akasema mbona ile ya yule mzazi hawajaisema. Ikabidi nimuulize ipi. Akanisimulia mzazi aliyekuwa ameshaandikiwa ruhusa siku ya tatu baada ya kujifungua, ndugu wameshafika na gari, mtoto ameshafungwa shuka, na huyu dokta alikuwa anapita tu koridoni na mkoba wake begani anaelekea nyumbani, akasikia yule mama analalamika kichwa na kwamba macho yanaona vimulimuli. Akarudi, akaweka mkoba sakafuni, akapima presha mwenyewe kwa mkono, akagonga magoti kwa kinyundo, mguu ukaruka kupita kawaida, akasema huyu haondoki. Ndugu wakagomba, mpaka mume akamwambia unataka hela zaidi. Yeye akaanzisha sindano za magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, jioni ileile. Watu wengi wanajua kifafa cha mimba kama balaa la kabla ya kujifungua, kumbe kinaweza kumkuta mzazi hata siku kadhaa baada ya mtoto kutoka, tena akiwa nyumbani ambako hakuna dawa. Yule mama alirudi kwake na mwanawe baada ya siku chache. Nesi aliisimulia ile habari mpaka rangi ya mkoba anaikumbuka, na alisema tangu siku ile hajawahi kumruhusu mzazi yeyote kabla ya kumuuliza kuhusu kichwa na macho. Huo ndio urithi wa kitabibu, umehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine na bado unafanya kazi wodini, na kwenye wasifu haukuwepo.

Naomba nisieleweke kwamba nataka umama ufutwe kwenye kumbukumbu. Hapana, nataka uandikwe kwa uzito wake badala ya kuwekwa kama urembo. Mchukue Dokta Hawa Abdi wa Somalia. Mama yake mzazi alikufa kwa matatizo ya uzazi Hawa akiwa binti mdogo, na hapo ndipo alipopata nia ya kuwa daktari, akaenda kusoma Ukraine enzi za Kisovieti, akarudi akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Somalia kuwa mabingwa wa magonjwa ya wanawake. Mwaka 1983 akafungua kliniki ya chumba kimoja kwenye ardhi ya familia nje ya Mogadishu, vita ilipokuja watu wakaanza kukimbilia pale, na kwa nyakati ngumu zaidi eneo lile lilihifadhi watu takriban 90,000. Aliweka masharti, hakuna kuulizana ukoo, na mwanaume anayempiga mkewe anafungiwa. Mei 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam wakaivamia hospitali, wanataka mwanamke aache kuongoza mahali kama pale, naye akawauliza wao wameifanyia nini jamii yao, akakataa kuondoka, na mwisho wakalazimika kumwomba radhi kwa maandishi. Binti zake wawili, Deqo na Amina, wote ni madaktari na walifanya kazi naye. Alifariki Agosti 2020. Kwa mtu kama huyu ukisema alikuwa daktari na pia alikuwa mama, kama vile mizigo miwili kwenye mikono miwili, unakuwa hujaelewa kitu. Kifo cha mama ndicho kilichomfanya daktari, udaktari ndio aliowalea nao mabinti, na mabinti ndio walioibeba hospitali pamoja naye. Anandi Joshi wa India vilevile, alijifungua akiwa na miaka 14, mtoto akafa baada ya siku kumi kwa kukosa matibabu, na mwaka 1886 akahitimu udaktari Pennsylvania, akafa mwaka uliofuata na kifua kikuu kabla hajatimiza miaka 22. Umama wake ulikuwa wa siku kumi tu na ulizaa maisha yote ya kitaaluma aliyoyapata.

Kitu kingine ambacho lugha ya sadaka inakificha ni watu. Daktari anayekaa zamu usiku na ana watoto, kuna mtu yupo na hao watoto. Ni bibi, ni dada wa kazi, ni mume, ni jirani, ni mtoto mkubwa aliyejikuta mzazi kabla ya wakati. Tukisema alifanya yote peke yake tunawafuta hao wote, na pia tunawaachia madaktari vijana wa kike kipimo ambacho hata marehemu mwenyewe hakukifikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukifikia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba wanawake ni asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani lakini wanashika robo tu ya nafasi za juu. Maana yake wanaopanga ratiba za zamu, wanaoamua kama hospitali itakuwa na chumba cha kunyonyeshea, kama mjamzito atakaa zamu ya usiku mpaka wiki ya ngapi, wengi wao ni watu ambao swali la nani yupo na watoto halijawahi kuwazuia kukaa kwenye kikao. Na hao ndio huandika salamu za rambirambi zenye neno kujitoa mara tatu.

Familia ya Adadevoh kwa maoni yangu ilielewa hili mapema kuliko wengi wetu. Taasisi iliyoanzishwa kwa jina lake, DRASA, inafundisha wahudumu wa afya kuzuia maambukizi, inawaandaa kwa milipuko, yaani inajaza palepale palipokuwa na tundu siku ile Sawyer alipoingizwa wodini. Sanamu lingekuwa rahisi zaidi na lingepigwa picha nyingi. Wao wamechagua kumkumbuka kwa kuhakikisha nesi mwingine kwenye hospitali nyingine anajua kuvaa na kuvua glovu na gauni kwa mpangilio sahihi, maana kwenye kuvua ndipo watu wengi wanapojiambukiza, na anajua mgonjwa gani wa kumtilia shaka kabla hajamgusa.

Kwa hiyo mwajiri akitoa tamko la msiba wa daktari wake mimi ningependa lijibu vitu ambavyo leo havimo. Alikuwa na zamu ngapi kwa mwezi, likizo yake ya mwisho ilikuwa lini, aliomba vifaa gani na alijibiwa nini, alifundisha madaktari wangapi na sasa hivi wanafanya nini tofauti kwa sababu yake. Maana wiki baada ya mazishi kinachotokea tunakijua wote tuliowahi kuwa na ndugu kwenye kazi hii: jina lake linakatwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, zamu zake wanagawiwa wenzake waliobaki, wengi wao nao ni mama wa watoto wadogo, na kama rambirambi ilishasema kwamba daktari wa kweli halali, hakuna hata mmoja wao atakayeweza kunyanyua mkono kuuliza ni lini ataajiriwa mtu mwingine. Hilo swali liulizwe na sisi tuliopost picha yake, kwenye hizohizo komenti, tena kwa kumtaja anayetakiwa kulijibu.